Labani, Yakobo na mpaka wa Namanga



Ukifungua Kitabu cha Hesabu, sura ya 20, utakuta ujumbe ambao balozi yeyote wa leo angeutambua mara moja. Musa yuko Kadeshi na watu wake wamechoka kwa safari. Anatuma wajumbe kwa mfalme wa Edomu kuomba njia. Anaanza kwa kumwita ndugu, kwa kuwa Edomu ni uzao wa Esau na Israeli ni uzao wa Yakobo, watoto wa tumbo moja. Anaeleza mateso waliyoyapata Misri. Kisha anaahidi kwamba hawatakanyaga shamba wala mizabibu ya mtu, hawatagusa kisima, watashika barabara kuu tu mpaka watokee upande wa pili. Mfalme anakataa. Wajumbe wanapandisha dau: tukinywa maji, sisi na mifugo yetu, tutalipia. Mfalme anakataa tena, na safari hii anatoka na jeshi mpaka mpakani. Israeli wanageuza njia na kuzunguka.

Wahubiri wengi huipita habari hii haraka ili wafike kwenye nyoka wa shaba wa sura inayofuata. Naomba tukae nayo kidogo. Edomu hakukataa kwa roho mbaya tu. Umati mkubwa wenye mifugo ukitaka kupita katika nchi yako, hata uape namna gani, ni jambo la kutia hofu. Na palikuwa na kumbukumbu. Yakobo alimpokonya Esau baraka ya baba yao. Baadaye walikumbatiana na kulia, kama tunavyosoma katika Mwanzo 33, lakini isome sura hiyo mpaka mwisho. Yakobo anamwambia kaka yake atangulie, naye atamfuata polepole mpaka Seiri. Esau anatangulia. Yakobo anashika njia ya Sukothi na kujenga nyumba huko. Sasa, Seiri ndiyo Edomu. Miaka mingi baadaye wajukuu wa Yakobo wanabisha hodi palepale ambapo babu yao aliahidi kufika asifike, na neno la kwanza wanalolitamka ni "ndugu".

Nimeikumbuka habari hiyo kwa sababu ya namna tunavyoishi na jirani zetu wa Kenya. Hatujawahi kupigana nao vita, na kwa hilo tumshukuru Mungu, maana si kila mpaka wa Afrika unaoweza kusema hivyo. Hata hivyo, haipiti miaka mingi bila ugomvi. Oktoba 2017 Tanzania ilipiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji kutoka Kenya waliovuka kutafuta malisho, na mwezi huohuo ukiisha, vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya vikachomwa moto Namanga. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakakwama mpakani. Januari 2024 Kenya ilipoikatalia ndege ya mizigo ya Air Tanzania, sisi tukatangaza kusimamisha safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Julai 2025 serikali yetu ikatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo saluni, ufundi wa simu, uwakala wa kutuma fedha na ununuzi wa mazao shambani. Kenya ikalalamika kwamba amri hiyo inakiuka Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu mwaka 2010.

Mara nyingi ugomvi wa namna hii huisha kwa mawaziri au marais kukutana na kutuambia kwamba sisi ni ndugu. Ni kweli tupu. Mmasai wa Longido ana shangazi Kajiado, Mkurya wa Tarime ana mjomba Kuria, Mdigo wa Tanga ana wajomba Kwale. Mstari uliowatenganisha ulichorwa na Waingereza na Wajerumani kuanzia mwaka 1886. (Ile hadithi ya Malkia Victoria kumzawadia mjukuu wake Mlima Kilimanjaro inapendeza kusimuliwa, lakini si historia.) Shida yangu ni kwamba Edomu naye alikuwa ndugu, na neno hilo peke yake halikumfungulia Musa njia.

Wasomaji wenye umri kama wangu wanakumbuka mpaka ulipofungwa kabisa. Tulikuwa watoto wa shule ya msingi. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa kwa mkataba wa Kampala wa mwaka 1967, ilikuwa na reli moja, bandari, posta na simu, na shirika moja la ndege na kila kitu tulichojivunia. Lakini Kenya ilikuwa na viwanda vingi na ikiuza zaidi kuliko sisi na Uganda. Kenya ilifuata njia ya ubepari, sisi tukafuata Ujamaa. Mwaka 1971 Idi Amin alipopindua serikali Uganda, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye meza moja, kwa hiyo kikao cha marais watatu, ambacho ndicho kilikuwa na kauli ya mwisho, hakikukutana tena. Wakuu wasipokutana, wadogo hutukanana. Huku kwetu Wakenya waliitwa manyang'au, watu wanaolana wenyewe kwa wenyewe. Wao wakajibu kwamba kwetu hakuna hata cha kula.

Mwanzoni mwa mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilisimama na Kenya ikaanzisha shirika lake. Februari tukafunga mpaka. Magari ya watalii na ndege ndogo zilizokutwa upande wetu zilizuiliwa. Ilipofika mwisho wa Juni hapakuwa na bajeti ya Jumuiya kwa mwaka uliofuata, nayo ikafa. Malori ya Kenya yaliyozoea kupita Tanzania kupeleka bidhaa Zambia yalikosa njia. Ndiyo Hesabu 20 yenyewe: jirani anaomba kupita kwa barabara kuu, na jirani anasema hupiti. Kama Edomu, tulikuwa na hoja zetu, nyingine nzito kabisa. Lakini hoja hizo hazikumsaidia mwanamke wa Namanga aliyekuwa akiuza nyanya upande wa pili. Nasi tuliingia katika miaka ya uhaba ambapo mche wa sabuni uliotoka Kenya ukawa mali ya magendo, na mwaka 1983 mtu aliweza kushikwa kwa uhujumu uchumi kwa bidhaa ambazo jirani yake wa Taveta alizinunua dukani bila kuangalia nyuma.

Aliyeufunga mpaka huo ni Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, ambaye Kanisa linachunguza maisha yake kwa ajili ya kumtangaza mwenyeheri. Ni mtu yuleyule aliyesema mwaka 1960 kwamba yuko tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi zetu ziungane kwanza. Sioni sababu ya kuficha mojawapo ya mambo hayo mawili. Mtu anaweza kupenda umoja kwa moyo wote na bado akafika mahali pa kufunga mlango. Tukikiri hivyo kuhusu wakubwa wetu tutakuwa wapole zaidi tukiwahukumu wa upande wa pili.

Mpaka ulifunguliwaje? Hapa nirudi kwenye Biblia, kwa watu wengine wawili, Labani na Yakobo, katika Mwanzo 31. Wanajuana vizuri mno. Yakobo amemtumikia mkwewe miaka 20, na analalamika kwamba mshahara wake umebadilishwa mara kumi. Labani anaona kwamba mifugo yote mizuri imehamia kwa mkwe. Yakobo anatoroka kwa siri na familia. Labani anamfuata siku saba, anampata katika milima ya Gileadi, na hapo kinafuata kikao ambacho wazee wa kwetu wangekifahamu. Kila mmoja anatoa ya moyoni. Hema zinapekuliwa. (Sanamu za Labani zilikuwa zimekaliwa na binti yake mwenyewe, lakini hilo ni la siku nyingine.) Hawasemi kwamba wanapendana. Wanakusanya mawe, wanafanya chungu, na wanakubaliana: mimi sitalivuka chungu hili kuja kukudhuru, nawe hutalivuka kuja kunidhuru, na Mungu aangalie kati yetu tusipoonana. Labani analiita chungu hilo kwa lugha yake, Yegar-sahadutha. Yakobo analiita kwa lugha yake, Galedi. Hakuna anayemlazimisha mwenzake kutumia lugha yake. Kisha wanakula chakula pamoja, wanalala, na asubuhi Labani anawabusu wajukuu na binti zake, anawabariki, anarudi kwao.

Mahali hapo paliitwa pia Mispa. Nimesikia kwamba huko Ulaya watu waliwahi kuandika neno hilo kwenye pete za wapendanao, wakidhani ni maneno ya mahaba. Ni onyo la watu wasioaminiana, wanaomwita Mungu awe mlinzi wa mpaka. Hata hivyo Mungu hakulidharau. Inaonekana anaweza kuanza kazi hata na amani ya kiasi hicho.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu. Aliletwa mpatanishi kutoka mbali, mwanadiplomasia wa Uswisi aitwaye Victor Umbricht, na kazi yake haikuwa kuhubiri udugu. Ilikuwa kuhesabu. Ndege ngapi, mabehewa mangapi, majengo yako wapi, deni hili ni la nani, nani amepata zaidi na amlipe nani. Kazi hiyo ilichukua miaka. Novemba 1983 marais Nyerere, Moi na Obote walikutana Arusha wakakubaliana, na mpaka ukafunguliwa. Tarehe 14 Mei 1984, hapohapo Arusha, ukatiwa sahihi mkataba wa kugawana mali na madeni ya Jumuiya iliyokufa. Na ndani ya mkataba huo wa talaka, ambao ulihusu zaidi nani achukue nini, waliweka kifungu cha kutafuta maeneo ya kushirikiana siku zijazo. Kutokana na kifungu hicho ilikuja Tume ya pamoja ya mwaka 1993, na kutoka hapo mkataba mpya wa Jumuiya wa tarehe 30 Novemba 1999, ulioanza kutumika Julai 2000.

Ningependa viongozi wetu, na sisi waumini, tuliangalie hilo kwa makini. Udugu ulirudi baada ya hesabu, na hesabu ilifanywa na watu waliokubali kusema wazi wanadaiana nini. Katekesi yetu ya sakramenti ya Kitubio inafundisha hivyohivyo: aliyeiba anarudisha, na machozi peke yake hayatoshi. Zakayo hakumwambia Yesu kwamba sasa anawapenda watu wote wa Yeriko. Alitaja viwango: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyedhulumiwa. Mtakatifu Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, alipozungumzia mahusiano ya nchi na nchi aliuweka ukweli mbele, ndipo akaja kwenye haki, mshikamano na uhuru.

Kuna hesabu moja ya wakati ule ambayo haikukaa sawa, nayo inatuuma sisi wenyewe. Mkataba wa 1984 uliitaka kila nchi iwalipe raia wake waliofanya kazi katika Jumuiya. Wastaafu wa kwetu walidai mafao yao mpaka mahakamani, na wengine, wazee wenye mvi, wakaketi barabarani Dar es Salaam ili wasikilizwe. Mwaka 2005 palifikiwa maridhiano ya kimahakama, na hata baada ya hapo wengi waliendelea kulia kwamba hawajalipwa ipasavyo. Wamekuwa wakifa mmoja mmoja. Waliendesha treni na ndege za umoja wetu, na umoja ulipovunjika mzigo uliwaangukia wao. Ugomvi wa mataifa hauishi siku mpaka unapofunguliwa. Unaishi katika nyumba ya mtu ambaye karatasi zake ziliachwa katikati.

Ndiyo maana sipendi sana utulivu wetu wa haraka haraka. Mwaka mmoja tu baada ya vifaranga kuchomwa, tarehe 1 Desemba 2018, marais wa nchi zote mbili walizindua kituo cha pamoja cha forodha Namanga, jengo zuri ambalo linampunguzia msafiri foleni kweli. Nilifurahi. Lakini mfanyabiashara mdogo aliyeleta vifaranga, hata kama alikosea utaratibu, na hata kama hofu ya mafua ya ndege ilikuwa ya kweli, aliulizwa lini angeweza kutendewa vipi? Viumbe hai elfu sita na mia nne kuchomwa moto mbele ya watu ni jambo ambalo kwangu halikubaliki, na nasema hivi nikijua sheria iko upande wa maofisa.

Kuhusu amri ya Julai 2025, nitasema ninavyoona. Mama anayeuza rejareja akibanwa na mgeni mwenye mtaji mkubwa ana haki ya kulindwa na serikali yake, na Kanisa halitamwambia anyamaze kwa jina la ukarimu. Lakini malalamiko yaliyosikika zaidi Kariakoo hayakuwa juu ya Wakenya. Jirani ambaye tumetia naye sahihi itifaki hawezi kuwekwa kapu moja na mgeni ambaye hatuna naye ahadi yoyote. Ahadi ya Seiri inadaiwa. Na Kenya nao wana yao. Sumukuvu inaua, wana haki ya kupima mahindi. Lakini kumwambia mkulima wa jirani kwamba mahindi yake hayaingii wakati lori limekwisha kupakiwa ni kumhamishia yeye hasara ya kazi ambayo wataalamu wa nchi mbili wangeifanya pamoja kabla ya mavuno. Rais Samia alipokwenda Nairobi Mei 2021 na kuzungumza mbele ya Bunge lao, wengi tuliona moyo wa nchi mbili unatulia. Hotuba ile ilikuwa nzuri. Ningependa kuona nyuma ya kila hotuba ya namna hiyo kikao cha Gileadi, chenye watu walioleta orodha.

Mpaka ulipofungwa, shirikisho la maaskofu wa kanda yetu, AMECEA, lililoanza mwaka 1961, halikuvunjika. Mwaka uleule wa 1984, maaskofu hao walianzisha Nairobi taasisi ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, na mapadre na watawa wetu wamesoma huko. Sitaji hilo ili tujisifu. Ni wajibu uliobaki mikononi mwetu, kwa kuwa tunaketi meza moja hata pale serikali zinapogeuziana migongo, na kwa hiyo tunaweza kuulizana mambo ambayo mabalozi wanayaepuka.

Nina wasiwasi zaidi na vijana, au niseme na simu zao. Mechi moja ya mpira, ndege moja kuzuiwa, na ndani ya saa moja mitandaoni Watanzania na Wakenya wanaitana majina ambayo wazee wao wa mwaka 1977 wangeona haya kuyatamka. Humo wamo wanakwaya na viongozi wa VIWAWA. Wanadhani ni utani. Musa, ambaye aliwahi kunyimwa njia na Edomu, anatoa sheria katika Kumbukumbu la Torati 23 kwamba Israeli wasimchukie Mwedomi, kwa sababu ni ndugu, na kwamba watoto wake wa kizazi cha tatu wataruhusiwa kuingia katika kusanyiko la Bwana. Hesabu kutoka mwaka 1977. Waliokuwa watu wazima wakati ule ni kizazi cha kwanza, sisi tuliokuwa watoto ni cha pili. Cha tatu ndio hawa wanaoandika matusi leo kwenye simu, na ambao kwa mujibu wa Musa zamu yao ya kukaa pamoja imefika.

Kama una mwana au binti wa umri huo nyumbani, mwoneshe sura hizi tatu leo mchana: Hesabu 20, Mwanzo 31, Kumbukumbu la Torati 23. Mwambie pia habari za wazee wa Jumuiya, maana shuleni huenda hazisomwi. Na ninyi mnaosali katika parokia za Namanga, Holili, Horohoro na Sirari, katika sala za waamini za Jumapili hii waombeeni maofisa wa forodha wa pande zote mbili, mkianza na yule aliyewahi kuwanyima njia.